Maandalio ya Makamo: Mali, Elimu, Afya na Jamaa

Hotuba iliyosomwa na karani wa chama mbele ya mkutano mkuu wa mwaka, Diff



Halmashauri imetuamuru sisi tunaoshika daftari la chama tuseme maneno machache juu ya maisha ya mtu tangu afikapo makamo, yaani tangu miaka 40 hivi kwenda mbele, mpaka uzee. Twajua ya kuwa jambo hili lina uzito. Wengi wenu mmekwisha kuipita njia ambayo sisi ndiyo kwanza twaikaribia, na si desturi njema kijana kumwonyesha mzee njia. Lakini karani ni kama mlinda kisima: hakukichimba, wala maji si yake, ila yeye ndiye aonaye kila siku maji yalivyoshuka. Na katika daftari letu yamo mambo yasiyofaa kunyamaziwa.

Tena, wakubwa kuwasikiliza walio wadogo kwao si jambo geni katika nchi yetu ya Wajir. Mwaka 1993, vita vya koo vilipokuwa vimewafunga watu wasiweze hata kukutana sokoni kwa salama, Dekha Ibrahim Abdi, aliyezaliwa mwaka 1964, alikuwa mmoja wa akina mama walioanza kulinda amani katika soko la Wajir. Wazee wa koo wakakubali kukaa na akina mama hao na vijana waliosoma, na mwaka huo huo likatolewa Azimio la Al-Fatah. Wazee hawakupungukiwa na heshima kwa kusikiliza, bali heshima yao ilizidi. Twaomba nasi tusikilizwe kwa moyo huo.

DAFTARI LASEMAJE

Maombi yanayoletwa mbele ya chama chetu aghalabu ni ya aina nne. La kwanza ni nauli na gharama za mgonjwa wa kupelekwa Wajir au Garissa. La pili ni msaada wa mtu ambaye mifugo yake imekufa. La tatu ni suluhu ya ugomvi wa mirathi baina ya ndugu. La nne ni barua ya kumsaidia mtu kupata kitambulisho au kusahihisha umri wake katika karatasi za Serikali.

Ukiyatazama maombi haya utaona kwamba waombaji wengi si vijana, wala si wazee sana. Ni watu wa makamo. Na sababu yake si ngumu kufahamu. Mtu wa makamo amebebeshwa mzigo pande mbili, kama punda aendaye kisimani: upande mmoja wazazi wake waliochoka, upande wa pili watoto wake wasiojitegemea bado. Yeye mwenyewe yuko katikati, na hakuna amwulizaye kama mgongo wamuuma. Akianguka yeye, pande zote mbili zaanguka pamoja naye. Ndiyo maana twasema kwamba ustawi wa mji huu, pamoja na kutazama mtoto anavyolelewa na mzee anavyoheshimiwa, hauna budi kutazama pia mtu wa makamo anavyojiandaa.

MALI

Wazee wetu walikuwa na hekima kubwa katika jambo la mali. Ngamia ndiye aliyekuwa akiba yao, naye ndiye aliyekuwa bima yao. Mtu akizeeka, kundi lilimlisha, na wanawe walilichunga. Hatusemi hata kidogo kwamba hekima hiyo imekwisha. Twasema tu kwamba leo haitoshi peke yake, na sababu yake twaweza kuipigia hesabu.

Ngamia jike huchukua mimba kwa muda wa miezi 13 hivi. Aghalabu huzaa mara moja katika miaka miwili. Na ndama jike aliyezaliwa leo hatazaa yeye mwenyewe mpaka afike miaka mitano au karibu yake. Basi mtu aliyepoteza kundi lake akiwa na umri wa miaka 25 ana wakati wa kulijenga tena. Lakini mtu wa miaka 50, akianza upya na majike wawili, atakuwa amepita miaka 55 kabla hajawaona wajukuu wa ngamia wake, na hapo ni kama mvua haikukosa, maradhi hayakuingia, na ndama waliozaliwa hawakuwa madume watupu. Ukame humpiga kijana na mzee sawasawa, lakini kijana ana miaka ya kulipia hasara, na mzee hana.

Nayo hasara twaijua. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa mwaka 2022 misimu mitano ya mvua, Gu na Deyr, ilikosa kufuatana, jambo ambalo wazee wengi walisema hawajapata kuliona. Katika wilaya kavu za Kenya walikufa mifugo zaidi ya 2,500,000. Kisha mwishoni mwa mwaka 2023 ikaja mvua ya kupita kiasi, ikawaua hata baadhi ya wale waliosalia. Kabla ya hapo tuliona mwaka 2011 na mwaka 2017. Ukame wa zamani ulimpa mtu nafasi ya kupumua. Wa siku hizi wampiga kabla hajasimama.

Kwa hiyo twashauri mambo matano.

Kwanza, anayejenga upya katika umri mkubwa asidharau mbuzi. Mbuzi huchukua mimba miezi mitano tu, na katika muda ambao ngamia mmoja azaa mara moja, mbuzi amekwisha kuzaa mara kadhaa. Mbuzi ndio ngazi. Ngamia ndiye dari. Asiye na ngazi hafiki darini.

Pili, tuuze mapema. Mnyama anayeuzwa mwanzoni mwa Jilaal, akiwa bado na nyama, hulipa karo na kununua dawa. Mnyama huyo huyo akingojwa mpaka mbavu zihesabike, bei yake haifiki hata nauli ya kumpeleka mnadani Garissa. Twajua kuuza ngamia mzima kwamwuma mwenye kundi. Lakini kumzika kwamwuma zaidi, na hakumpi kitu.

Tatu, tujifunze habari za bima ya mifugo. Bima hii ilianzishwa Marsabit mwaka 2010 kwa juhudi za wataalamu wa utafiti wa mifugo walioko Nairobi. Mwaka 2013 ikaletwa Wajir kwa njia ya takaful, ili isipingane na sheria ya Kiislamu: watu huchanga katika mfuko mmoja, na mfuko huo ndio unaosaidia aliyepatwa. Mwaka 2015 Serikali nayo ikaanza kuwalipia baadhi ya wafugaji wa Wajir na Turkana. Jambo la kufahamu ni hili: bima hiyo haihesabu mizoga. Hupima kwa setilaiti jinsi malisho ya nchi yalivyo mabichi, na yakishuka chini ya kipimo kilichowekwa, malipo hutolewa ili mtu anunue chakula cha mifugo kabla haijafa. Asiyelifahamu hili huona amedanganywa siku mbuzi wake afapo kwa ugonjwa na asilipwe. Hakudanganywa, hakuelezwa. Basi anayetaka kujiunga na aulize maswali yote kabla ya kutoa fedha yake.

Nne, tusiegemee mti mmoja. Jamaa wengi hapa huishi kwa fedha za mtoto aliye Nairobi, au Ulaya, au Marekani. Hilo ni jema, na Mungu awabariki watoto hao. Lakini kumbukeni mwezi wa Aprili mwaka 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, makampuni 13 ya hawala yaliposimamishwa, na hayakuruhusiwa tena mpaka mwezi wa Juni. Mtoto aliyetuma hakubadilika, na mzazi aliyengoja hakukosa adabu, ila njia ndiyo iliyofungwa. Hata ayuuto ya mama zetu, ambayo ni chama bora cha akiba kuliko vingi vyenye ofisi, ina zamu yake, na ugonjwa haungoji zamu. Kila nyumba yafaa iwe na akiba kidogo isiyoguswa kwa arusi wala kwa nguo za Idi.

Tano, tuandike. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika mifugo uliyo nayo na uliyomkabidhi mwenzako akuchungie. Andika unachodai na unachodaiwa. Daftari hilo litakusaidia hata katika zaka, maana hesabu ya ngamia watano, au ya mbuzi 40, au ya mbili na nusu katika kila mia ya fedha, haifanyiki kwa kukisia. Nao wenzetu walioajiriwa, ambao tangu mwaka 2009 hustaafu utumishi wa Serikali wakiwa na miaka 60, wasingoje barua ya kustaafu ndipo waulize kama michango yao ya uzeeni ilipelekwa. Waulize kila mwaka, na wahifadhi jawabu.

ELIMU

Sasa twaingia katika elimu. Watu wazima wengi wa hapa hawakusoma, na yafaa isemwe waziwazi kwamba kosa halikuwa lao. Chini ya ukoloni wilaya zetu zilikuwa nchi iliyofungwa, mtu asitoke wala asiingie bila ruhusa. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 vilikuja pia vita na sheria za hatari, ambazo hazikufutwa mpaka mwaka 1991. Tena Waraka wa Serikali Namba 10 wa mwaka 1965 ulishauri fedha ya maendeleo ipelekwe kwanza pale nchi ilipo na rutuba na mvua. Nchi ya ngamia haikuwamo. Mtoto aliyekosa shule katika miaka hiyo ndiye mtu wa makamo na mzee wa leo.

Hata watoto wetu hawajasalimika. Walimu wawili waliuawa Qarsa katika Wajir mwezi wa Februari mwaka 2018, na watatu Kamuthe katika Garissa mwezi wa Januari mwaka 2020. Baada ya hayo walimu wengi waliotoka sehemu nyingine za nchi walihamishwa, na madarasa mengi yakabaki na watoto bila mwalimu. Twawaombea rehema waliouawa wakifundisha watoto wasio wao. Lakini tuna funzo pia: mji usiokuwa na wasomi wake wenyewe hufunga shule siku mgeni aondokapo.

Yupo atakayesema, «Mimi nimekwisha zeeka, kalamu itanifaa nini?» Huyo twamwambia habari za Kimani Maruge wa Eldoret. Mwaka 2004, baada ya Serikali kufuta karo za shule za msingi mwezi wa Januari 2003, mzee huyo aliingia darasa la kwanza akiwa na umri wa miaka 84, amevaa sare, ameketi pamoja na watoto. Mwaka 2005 alisafiri mpaka New York kusema juu ya elimu. Alifariki mwaka 2009, akiwa bado anajiita mwanafunzi. Na ndugu zetu wa upande wa pili wa mpaka, baada ya lugha ya Kisomali kupewa hati yake mwaka 1972, walifunga shule za sekondari na kuwapeleka wanafunzi na walimu vijijini na nyikani mwaka 1974 kufundisha watu wazima, wafugaji kwa wafugaji. Tanzania nayo mwaka 1973 iliwakusanya watu wazima wapatao 2,000,000 kando ya redio, katika mafunzo yaliyoitwa Mtu ni Afya, wakajifunza kuchimba vyoo na kuchemsha maji. Hao wote walikuwa watu wazima wenye shughuli zao kama sisi.

Wala hatutaki mtu wa miaka 50 asome ili awe karani. Karani tupo, na nafasi zenyewe ni chache! Twataka asome mambo machache yatakayomlinda. Asome tarehe iliyoandikwa katika kadi ya zahanati. Asome kama dawa ni kidonge kimoja mara tatu, au vidonge vitatu mara moja. Asome kiasi cha fedha katika simu yake kabla hajabonyeza, ili asilazimike kumpa kijana wa dukani namba yake ya siri. Asome karatasi kabla ya kuitia kidole gumba. Mtu mzima hujifunza kwa haraka jambo ambalo atalitumia kesho asubuhi. Aliyekwisha kuwajua ngamia 80 kwa alama zao na kwa mama zao hatashindwa na herufi zisizofika 30.

AFYA

Katika afya tumezoea kuogopa maradhi yanayokuja kwa kishindo: homa, kipindupindu, kuumwa na nyoka. Lakini maradhi ya makamo huja kwa miguu mitupu. Shinikizo la damu halina homa wala maumivu. Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza mwaka 2021 kwamba watu wapatao 1,280,000,000 wenye umri kati ya miaka 30 na 79 wana shinikizo la damu duniani, na karibu nusu yao hawajui. Siku wajuayo, aghalabu ni siku upande mmoja wa mwili umekwisha lala. Kipimo chake ni ukanda wa mkononi tu, wa dakika chache. Kikionyesha 140 juu ya 90 au zaidi, kwa siku zaidi ya moja, mtu na amwone daktari. Na akipewa dawa asiiache kwa sababu ajiona mzima. Ajiona mzima kwa sababu ameimeza.

Kisukari ni ndugu yake. Baba zetu walikunywa maziwa na kutembea kutwa nyuma ya ngamia. Sisi tunakaa dukani, tunakula wali na mkate, na katika kikombe cha chai twatia sukari mpaka kijiko kinasimama. Kiu isiyokwisha, kukojoa mara kwa mara usiku, kidonda cha mguuni kisichopona, macho kuingia ukungu: hizo ni dalili za kutafuta kipimo. Na kwa kuwa dini yenyewe imemruhusu mgonjwa asifunge, mwenye kisukari na ashauriane na daktari na shehe wake kabla ya mwezi wa Ramadhani kuingia, asingoje kuzimia saa tisa ya mchana.

Maziwa mabichi nayo yataka neno. Twajua kwamba wengi huona kuyachemsha maziwa ya ngamia ni kuyaharibu. Lakini kutoka katika maziwa mabichi mtu hupata homa ile ya mifugo ijayo na kurudi, pamoja na jasho la usiku na maumivu ya viungo na mgongo, ambayo wengi huitibu kama malaria mwaka mzima bila kupona. Kuchemsha ni kuni chache. Kutokuchemsha ni miezi kitandani.

Macho yasitukatishe tamaa. Mzee aliyeingiwa na mtoto wa jicho aongozwa kwa fimbo na mjukuu, na mjukuu huyo akosa shule. Upasuaji wake ni wa muda mfupi, na wengi huona tena. Hivyo jicho moja likiponywa wawili wamefunguliwa. Na mama zetu wafikapo umri ambao hedhi hukoma, aghalabu kati ya miaka 45 na 55, wasidhani kwamba hospitali haina tena haja nao. Damu itokayo baada ya hedhi kukoma si jambo la kuficha; ni jambo la kwenda kupimwa mara moja. Wanaume, tuwape nauli na tusiwaulize maswali ya kuwaaibisha.

Msiseme kwamba sisi wa nyikani hatuwezi kufuata dawa za muda mrefu. Mwaka 1976, pale Wajir, Annalena Tonelli, mwanamke Mwitalia, alianza kuwakalisha wagonjwa wa kifua kikuu katika manyatta karibu na mji, wakameza dawa mbele ya mwangalizi mpaka wamalize. Wahamaji walimaliza dawa, wakapona. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Ulimwenguni likaieneza duniani njia ya namna hiyo, ya dawa kumezwa mbele ya mwangalizi. Dunia imepata kujifunza kutoka kwetu. Twashindwaje kujifunza sisi kwa sisi?

Juu ya gharama: tangu tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya afya ya zamani, iliyoanzishwa mwaka 1966, ilibadilishwa, ikawekwa Mamlaka ya Afya ya Jamii. Mtu asiye na mshahara hukadiriwa kwa kadiri ya mapato ya nyumba yake, na kiasi cha chini kilichowekwa kilikuwa shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, zikilipwa kwa mkupuo. Kwa mfugaji mkupuo huo ni mbuzi mmoja au asifike. Kuuza mbuzi mmoja ukiwa mzima ni rahisi kuliko kuuza ngamia watatu ukiwa umelazwa.

JAMAA

Jambo la mwisho ni jamaa, nalo ndilo gumu. Zamani watoto walikaa, leo wanakwenda. Mwenye watoto saba huweza kujikuta na mjukuu mmoja tu nyumbani na simu saba za salamu. Wapo mabibi wanaolea wajukuu wa mabinti walio mijini, na nguvu za kulea zimekwisha. Wapo wazee waliozoea shauri lao lifuatwe, na sasa shauri lakatwa Nairobi nao huarifiwa tu. Hayo huumiza, na aumiaye hasemi. Twaona yafaa mzazi na watoto waseme mapema, angali na nguvu: nani atakaa na nani, nani atatuma nini, na kundi atalishika nani. Maneno hayo yakisemwa kivulini kwa utulivu huitwa shauri. Yakisemwa kaburini huitwa ugomvi.

Juu ya mirathi, hatutaingia katika mambo ya sheria, kwa maana hayo ni ya Kadhi, ambaye mahakama yake imetajwa katika Katiba ya mwaka 2010. Lakini tunayoyajua wote ni haya: mke aliyeachwa na mume mwenye watoto ana fungu lake la thumni, binti ana fungu lake, nusu ya fungu la ndugu yake, na mtu hawezi kuusia zaidi ya theluthi ya mali yake. Kwa nini basi wajane waje mbele ya chama chetu wakilia? Si kwamba sheria haipo. Ni kwamba hakuna aliyeandika ngamia walikuwa wangapi, na kila shemeji ana hesabu yake. Mume ampendaye mkewe na amwachie daftari.

Kisha kuna karatasi. Tangu mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii uliwafungulia mlango wazee wa miaka 70 na zaidi, kwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Lakini mlango huo hufunguliwa kwa kitambulisho, na wengi wetu umri wetu ulikisiwa na ofisa aliyetutazama usoni. Mtu aliyezaliwa kabla ya Uhuru ameandikwa kwamba alizaliwa miaka kumi baadaye, na kwa Serikali bado ni kijana! Wengine, katika njaa ya mwaka 1991 na ya mwaka 2011, walijiandikisha kama wakimbizi kule Dadaab ili watoto wapate chakula, na walipoomba kitambulisho cha Kenya wakaambiwa kwamba wao si raia. Mwezi wa Februari mwaka 2025 Rais alitangaza papo hapo Wajir kwamba uchunguzi wa ziada kwa watu wa kaskazini mashariki umekoma. Tangazo ni jema, lakini halijazi fomu. Mwenye miaka 50 na asahihishe karatasi zake leo, maana mashahidi wa kuzaliwa kwake wangali hai leo.

TUNALOOMBA

Bwana Mwenyekiti, hatukuja kusema tu. Halmashauri imegawanyika juu ya jambo moja, na mkutano huu ndio utakaokata shauri. Wapo wajumbe wanaotaka sehemu ndogo ya michango itumike kwa darasa la watu wazima jioni mbili kwa juma, kwa kununua kipimo cha shinikizo la damu kitakachokaa ofisini, na kwa siku moja kila mwezi ya kuandika karatasi na wasia. Wapo wengine, nao ni wazee tunaowaheshimu sana, wasemao kwamba fedha ya chama iliwekwa kwa ajili ya maiti na msafiri aliyekwama, na haifai kuguswa.

Hoja yao ina nguvu. Mtu hawezi kulala bila kujua kwamba akifa atasitiriwa. Ndiyo sababu twashauri mfuko wa mazishi usiguswe hata senti moja, na kazi hizi mpya zitolewe katika kiingilio cha wanachama wapya tu, kwa mwaka mmoja wa kujaribu. Mwisho wa mwaka tutausomea mkutano hesabu yote: waliosoma ni wangapi, waliopimwa ni wangapi, na karatasi zilizosahihishwa ni ngapi. Kama kazi haikuonekana, ifungwe.

Lakini twaomba wazee wetu walifikirie jambo hili kwa upande wa pili. Chama kinachomsitiri mtu akiisha kufa kimemfanyia wema mkubwa. Chama kilichomfundisha kusoma kipimo chake, kikaandika haki ya mkewe, kikampatia karatasi yake akingali anatembea, kimemfanyia wema ambao yeye mwenyewe aweza kuushukuru. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na sisi ambao huandika gharama za kuta twajua kuwa nyufa zilikuwa rahisi.

Shauri sasa ni lenu. Lolote mtakaloamua tutaliandika kwa uaminifu na kulitenda kwa bidii. Mungu awape wazee wetu afya, awape mama zetu faraja, awarudishe salama walio safarini, na atuletee Gu ya baraka.